Jinsi ya kutengeneza shughuli za darasani kwa kutumia app za AI za kila siku: mwongozo kamili kwa mwalimu

Somo la AI (akili mnemba) likiharibika huwa linaharibika hivi: mwalimu anawasha projekta, anafungua chatboti, yaani app ya kuongea nayo kwa maandishi kama ChatGPT, anaiuliza swali, jibu linashuka ukurasa mzima, darasa linashangaa, mmoja anasema mwalimu iambie itunge shairi, inatunga, watu wanacheka, kengele inalia. Wamefurahi kweli, siwezi kukataa, ila ukiwauliza kesho yake wamejifunza nini watakwambia "AI ina akili sana", na hilo ndo jambo la mwisho tulilotaka watoke nalo.

Dawa yake ni moja na mwongozo wote huu umesimama hapo: mwanafunzi abashiri kabla app haijajibu. Na abashiri kwa maandishi, maana ubashiri wa kichwani hauna maana, jibu likishatoka kila mtu atakwambia "hata mimi nilijua". Akishaandika karatasini kwamba "itasema hiki, kwa sababu hii", jibu la app linageuka kuwa kitu cha kupima na yeye ndo mpimaji. Hapo hata yule anayekaa nyuma kabisa ananyanyua shingo aone kama amepata.

Hatua ya kwanza: chagua app, halafu chagua swali moja tu

AI imejaa kwenye vitu ambavyo wanafunzi wanavishika kila siku bila kuviita AI. Kibodi ya simu inayokisia neno linalofuata, kamera inayotafuta uso, app ya ramani, app ya kutafsiri, video zinazopendekezwa moja baada ya nyingine, kichujio cha barua taka kwenye imeili, msaidizi wa sauti, na hizo chatboti zenyewe. Huna haja ya kununua kitu chochote cha ajabu.

Ila sio kila app inafaa darasani. Mimi naangalia mambo matatu: itoe jibu papo hapo, iweze kukosea mbele ya macho ya wanafunzi, na kosa lake liwe linaelezeka na mwanafunzi wa umri ule. Hilo la tatu ndo watu wengi wanaliruka. Chatboti inakosea vizuri tu, lakini muulize mtoto wa miaka 11 kwa nini imekosea atabaki anakukodolea macho, wakati mashine aliyoifundisha yeye mwenyewe kwa picha alizopiga yeye mwenyewe ikikosea anajua kabisa pa kwenda kuangalia. Kwa hiyo anza na mashine wanazozifundisha wao, chatboti ije mwishoni, hata kama ndo wanayoililia.

Ukishapata app, andika swali moja. "AI ni nini?" sio swali la kipindi cha dakika 40, hilo ni swali la mwaka mzima. Swali zuri ni dogo na lina kona: kwa nini kibodi yangu na ya kwako hazikisii neno moja? Tunawezaje kuidanganya kamera? App ya ramani inajuaje kwamba kuna foleni? Ukiona swali lako linaweza kujibiwa kwa kutafuta maana yake kwenye kamusi, litupe utafute lingine.

Kama shule yako inadai uoneshe mtaala unaoegemea, kuna mawazo makuu matano ya AI4K12, mradi wa kufundisha AI mashuleni ulioanza Marekani mwaka 2018: mashine inavyotambua mazingira, inavyowakilisha na kufikiri, inavyojifunza, inavyowasiliana na binadamu, na athari zake kwa jamii. UNESCO nao walitoa mwongozo wa umahiri wa AI kwa wanafunzi na mwingine kwa walimu mwaka 2024. Chagua wazo moja kwa kila shughuli uandike kwenye andalio la somo, basi, usijaribu kubeba yote matano kwa siku moja.

Hatua ya pili: mifupa ya shughuli

Shughuli zote nitakazoeleza zina mifupa ileile: bashiri, jaribu, linganisha, eleza, vuruga. Wanaandika ubashiri, wanajaribu app, wanalinganisha walichoandika na kilichotokea, wanaeleza tofauti kwa maneno yao, halafu wanapewa nafasi ya kuivuruga app makusudi, yaani kutafuta kitu kitakachoifanya ikosee. Usiikate sehemu ya kuvuruga muda ukibana, kata ya kujaribu badala yake. Kuvuruga ndo kunakoonesha nani ameelewa, maana huwezi kuitega mashine kama hujui inaangalia nini.

Karatasi ya kazi iwe ya nusu ukurasa tu, safu tatu: nilichobashiri, kilichotokea, nadhani ni kwa sababu. Ukiweka safu saba wanaanza kujaza karatasi badala ya kufikiri.

Hatua ya tatu: shughuli yenyewe, tuanze na kufundisha mashine

Hii ndo ningekushauri uanze nayo hata kama hujawahi kugusa mambo haya. Kuna zana ya Google inaitwa Teachable Machine, ilitoka 2017, inafunguka kwenye brauza ya kawaida, haidai akaunti, na picha zinabaki kwenye kompyuta yenu mpaka mtakapoamua wenyewe kuhifadhi modeli (yaani hiyo mashine mliyoifundisha) mtandaoni au kuisambaza. Unafungua mradi wa picha, unakuta madarasa mawili matupu (hapo "darasa" ni kundi la picha, waeleze mapema maana watachanganya), mnayapa majina, tuseme Kalamu na Daftari. Mmoja anashika kalamu mbele ya kamera, mwenzake anabonyeza kitufe cha kurekodi bila kuachia, picha zinaingia mfululizo. Mkimaliza kalamu mnahamia daftari. Halafu mnabonyeza kitufe cha kufundisha, mnasubiri kidogo, na hapa angalia jambo moja: wasihamie tabo nyingine ya brauza wakati inajifunza, itakwama, na lazima kuna mmoja atahamia. Ikimaliza, upande wa kulia kunatokea pau mbili zenye asilimia zinazopanda na kushuka kila unaposogeza kitu mbele ya kamera.

Sasa usiwaambie chochote kuhusu mandhari ya nyuma, waache tu warekodi. Mara nyingi kalamu watairekodi wakiwa wameinyanyua mkononi na ukuta unaonekana nyuma, na daftari watairekodi ikiwa juu ya meza kwa sababu ni kubwa na inachosha mkono. Mashine itafanya kazi vizuri mno na watajisifu. Ndipo unasema, haya, bashirini, nikiweka kalamu juu ya meza itasema nini? Karibu wote wataandika Kalamu. Unaiweka kalamu mezani, na kama wamerekodi hivyo nilivyosema kuna uwezekano mkubwa pau ya Daftari ikapanda juu. Kelele zitakazotokea hapo zivumilie. Usiwape jibu, waulize mashine imejifunza nini kwa kweli, ni kalamu au ni ukuta?

Wakishagundua ni ukuta, waache warudie kurekodi kwa namna watakayoamua wao. Kikundi kimoja kitarekodi vyote mezani, kingine kitazungusha kalamu kila upande, kingine kitaongeza tu picha nyingi za vilevile, na hicho cha mwisho ni kizuri sana kwa mjadala kwa sababu kitashindwa tena, na darasa litaona kwamba wingi wa data peke yake haujasaidia kitu kama zote zinafanana.

Kisha mtego wa pili. Mwambie mmoja avue kiatu akioneshe kwenye kamera. Mashine itachagua, itasema ni kalamu au ni daftari, na wakati mwingine itasema kwa asilimia kubwa tu bila aibu. Haiwezi kusema "sijui" kwa sababu asilimia zake lazima zijumlike kuwa 100 kwenye yale makundi iliyopewa. Wabashiri kwanza, halafu waoneshe, halafu waulize wafanyeje ili iweze kusema sijui. Watafika wenyewe kwenye kuongeza kundi la tatu la "vinginevyo", na hapo hapo watakwama: sasa humo tuweke picha za nini? Za dunia nzima? Mimi hapo ningeacha wabishane hata dakika kumi nzima.

Baada ya hapo ndo unawasimulia habari ya watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru, sio kabla. Mwaka 2018 walipima mifumo ya kibiashara ya kutambua jinsia kutoka kwenye picha za nyuso, wakakuta kwa wanawake wenye ngozi nyeusi zaidi makosa yanafika hadi asilimia 34.7, wakati kwa wanaume wenye ngozi nyeupe zaidi hayakuzidi asilimia 0.8. Ukianza na takwimu hii wanaiandika kwenye daftari wanaisahau. Ukiisema baada ya mashine yao kushindwa kutofautisha kalamu na meza, wanauliza wenyewe: waliotengeneza hiyo mifumo waliifundisha kwa picha za nani?

Ushauri wa pembeni hapa, usitumie nyuso za wanafunzi kama data, hata wakiomba. Vitu vinatosha, na ishara za mikono zinatosha pia.

Kibodi ya simu, shughuli ya dakika kumi na tano

Nzuri kwa kufungulia kipindi. Mpe kila mwenye simu neno la kuanzia, mfano "Kesho", kisha kila mmoja abonyeze neno la katikati kwenye mapendekezo ya kibodi mpaka afikishe maneno 12. Kabla ya hapo aandike anadhani sentensi yake itahusu nini. Sentensi zitakuwa za kuchekesha, hazitafanana, na ndo swali lenyewe: tumeanza neno moja, kwa nini tumefika sehemu tofauti? (Wasome kwa sauti wale wanaotaka tu, kibodi inaweza kumwaga siri za mtu hadharani.)

Kuwaonesha mtambo ulivyo ndani chukua aya moja ya kitabu chenu cha kiada, wahesabu kwa mkono ni maneno gani yanafuata neno "ya" na mara ngapi, waandike kwenye jedwali, halafu warushe kete au wachomoe vikaratasi kuchagua neno linalofuata. Wakirudia hivyo wanapata sentensi inayosikika kama lugha lakini haina kichwa wala miguu. Sio mchezo mpya huu, mwaka 1913 mwanahisabati wa Urusi Andrey Markov alihesabu kwa mkono herufi 20,000 za shairi refu, akaangalia irabu inafuatwa na nini na konsonanti inafuatwa na nini, na wazo lile la kutazama kilichopita ili kukisia kinachofuata bado limo ndani ya kibodi na chatboti za leo, ila sasa hesabu ni kubwa na zinatazama mbali zaidi nyuma.

App ya kutafsiri, sisi tuna bahati hapa

Wanafunzi wanaozungumza Kiswahili wana kipimo cha bure mkononi. Andika ubaoni sentensi nane za aina hii: Yeye ni daktari. Yeye ni muuguzi. Yeye ni mhandisi. Yeye analea watoto. Yeye ni rubani. Kiswahili hakisemi kama ni mwanamke au mwanamume, Kiingereza mara nyingi kinalazimika kuchagua, kwa hiyo app inachagua kwa niaba yako. Kila mwanafunzi abashiri itachagua nini kwa kila sentensi, halafu jaribuni. Google walilijua tatizo hili na Desemba 2018 wakaanza kutoa majibu mawili, la kike na la kiume, kwa baadhi ya lugha wakianza na Kituruki kwenda Kiingereza, kwa hiyo matokeo mnayopata nyie yatategemea app na siku. Ijaribu wewe mwenyewe jana yake.

Sehemu ya pili ya shughuli ni safari ya kwenda na kurudi. Kila kikundi kinaandaa misemo mitano, kinaitafsiri kwenda lugha nyingine, kinairudisha Kiswahili, kinaona ipi imefika salama. Lakini kwanza wapange misemo kwa mpangilio, upi wanaamini utapona na upi utakufa njiani. Kukata tamaa, kupiga moyo konde, kuwa na mkono wa birika, kuaga dunia, kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Wasukume wakupe sababu. Kikundi kikisema "kukata tamaa utapona kwa sababu umeandikwa sana mahali pengi, huo wa mafuta watu wanausema tu hawauandiki", wameshaelewa data ya kufundishia ni kitu gani na hujatumia neno hata moja gumu.

Chatboti, kwa njia ya ukaguzi

Usiwape wanafunzi chatboti waulize wanachotaka. Iulize wewe nyumbani, maswali matatu kuhusu mada mnayosoma, chapisha majibu, yapeleke darasani kwenye karatasi. Hapo umeondoa tatizo la akaunti, la umri, la intaneti, na la mwanafunzi anayeiuliza upuuzi, kwa mpigo mmoja.

Kazi yao ni kuwa wakaguzi. Kila dai kwenye jibu (sio kila sentensi, kila dai, sentensi moja inaweza kubeba madai matatu) wanalipigia mstari wa rangi: kijani kama wamelithibitisha kwenye kitabu cha kiada, njano kama hawajalikuta popote, nyekundu kama ni uongo. Kabla ya kuanza waandike wanabashiri nyekundu ngapi. Ukitaka karatasi ipate nyekundu za kutosha uliza mambo madogomadogo yasiyoandikwa sana, au iambie ikutajie vitabu na kurasa, huko ndo inapenda kubuni. Mada maarufu itajibu sawasawa na utaonekana umewapotezea muda.

Kuna kisa cha kusimulia hapa: mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hati yenye kesi ambazo hazijawahi kuwepo, ChatGPT ilizibuni na majina yake kamili na wao hawakukagua. Waulize wanafunzi, zile kesi za uongo zilionekanaje hadi mawakili wazima wakaziamini? Jibu ni kwamba zilionekana kama kesi. Mashine inapanga maneno yanayoelekea kufuatana, haina mahali inapokwenda kuangalia kama jambo lilitokea, labda iwe imeunganishwa na utafutaji wa mtandaoni, na hata hapo bado inaweza kukosea ilichosoma.

Nyongeza nzuri: iulize swali lilelile mara tatu kwenye mazungumzo matatu mapya, wape vikundi vitatu bila kuwaambia, kila kikundi kidhani kina jibu la darasa zima. Wakianza kuwasilisha watabishana mpaka mmoja ashtuke kwamba karatasi hazifanani.

Hakuna intaneti, hakuna umeme: vikombe na vijiti

Hii naipenda kuliko zote, na sio ya kufariji waliokosa vifaa, naamini inafundisha vizuri zaidi kuliko nusu ya zile za kompyuta. Imetokana na kazi ya Donald Michie, Mwingereza ambaye mwaka 1961 alitengeneza mashine ya kucheza duara na msalaba kwa visanduku 304 vya kiberiti, hakukuwa na kompyuta ndani yake. Sisi tunatumia mchezo mdogo zaidi.

Weka vijiti 8 mezani. Wachezaji wawili wanapokezana, kila zamu unachukua kijiti 1 au 2, anayechukua cha mwisho ameshinda. Mchezaji mmoja ni mwanafunzi, mwingine ni mashine, na mashine ndo inaanza. Mashine ni vikombe vilivyoandikwa namba 1 hadi 8, kila kikombe kina vikaratasi viwili vyekundu (maana yake chukua 1) na viwili vya bluu (chukua 2), isipokuwa kikombe cha 1 ambacho kina vyekundu tu. Zamu ya mashine ikifika unahesabu vijiti vilivyobaki, tuseme vimebaki 5, unakwenda kikombe cha 5, unachomoa karatasi bila kuangalia, unafanya inachosema, karatasi unaiweka mbele ya kikombe chake.

Mashine ikishinda, rudisha karatasi zote mahali pake. Ikishindwa, ile karatasi ya mwisho iliyochomolewa itupe, zilizobaki rudisha. Na kama zamu imefika kwenye kikombe kilichokwisha kabisa, mashine inasalimu amri, unatupa karatasi iliyochomolewa kwenye kikombe cha kabla yake. Basi, hakuna sheria nyingine.

Mwanzoni mashine inacheza ovyo na wanafunzi wanaitandika. Kadiri michezo inavyokwenda karatasi mbaya zinapungua, na kuna wakati utasikia mtu analalamika kwamba kikombe kinamwibia. Waandike kila mchezo nani kashinda, wachore grafu. Muda ukiwa mdogo weka karatasi moja moja tu ya kila rangi, itajifunza haraka zaidi.

Kwenye kujadili usikimbilie. Kikombe cha 7 hakijaguswa hata mara moja, kwa nini? Kikombe cha 3 na cha 6 vinaelekea kukauka vyote, kwa nini? (Ukibaki na 3 au 6 kwenye zamu yako umekwisha kama mpinzani anajua.) Kikombe cha 8 mwishoni kinabaki na bluu tu. Je, mashine inajua kwamba inacheza mchezo? Inajua kitu chochote? Na jaribio la mwisho: kikundi kimoja kiifundishe mashine kwa mpinzani anayecheza vizuri, kingine kwa mpinzani anayecheza hovyohovyo makusudi, halafu muangalie vikombe vya nani vimesafishika. Iliyopambana na mpinzani mbovu inaweza kubaki na karatasi mbaya kibao kwa sababu hazijawahi kuadhibiwa.

Mapendekezo na ramani, kwa ufupi

Kwa mapendekezo ya video na muziki, fanyeni kwa karatasi. Kila mwanafunzi anatoa alama 1 hadi 5 kwa vitu kumi (michezo, masomo, aina za hadithi), kimoja anakificha. Kisha kila mtu anamtafuta "pacha" wake, yule ambaye alama zao zinakaribiana zaidi, na anatumia alama ya pacha kukisia kile kilichofichwa. Ndo namna moja ya kupendekeza inavyofanya kazi, na Netflix waliwahi kulipa dola milioni 1 mwaka 2009 kwa timu iliyoboresha ukisiaji wa alama kwa asilimia 10. Waulize mtu asiye na pacha darasani anapata mapendekezo gani.

Ramani: waulize wangefanyaje kuidanganya app ionyeshe foleni kwenye barabara tupu. Wape muda. Kisha wasimulie kwamba mwaka 2020 msanii Simon Weckert alivuta kigari chenye simu 99 taratibu barabarani Berlin, na Google Maps ikaonesha foleni nyekundu mahali ambapo hapakuwa na magari. Darasa lenye wabunifu litakuwa limeshafika hapo kabla hujamaliza sentensi.

Hatua ya nne: vifaa, vikundi na muda

Kifaa kimoja kwa watu watatu au wanne kinatosha na naona ni bora kuliko kila mtu na chake, maana wakiwa peke yao wanabonyeza tu, wakiwa watatu inabidi waongee. Wape majukumu: mshika kifaa, mwandishi, na mpinzani ambaye kazi yake ni kusema "siamini, jaribu tena". Wabadilishane katikati, usipowalazimisha mshika kifaa atakuwa yuleyule mpaka mwisho. Kifaa kikiwa kimoja darasa zima, kiweke mbele, ubashiri wapige kura kwa kunyoosha mikono, na mtu anayekigusa awe mwanafunzi, wewe kaa pembeni.

Kwa dakika 40 mimi nagawa hivi: 5 za swali na ubashiri, 15 za kujaribu na kulinganisha, 10 za kuvuruga, 10 za kujadili. Mjadala ukinoga kula muda wa kujaribu wa wiki ijayo, hakuna shida.

Usalama usiuache mwishoni kama nilivyouweka mimi kwenye maandishi. UNESCO kwenye mwongozo wao wa 2023 walipendekeza umri wa miaka 13 kuwa wa chini kabisa kwa chatboti na zana kama hizo, na masharti ya ChatGPT nayo yanataka 13, na chini ya 18 wawe na ruhusa ya mzazi. Majina ya wanafunzi, picha zao, namba za simu, matokeo yao ya mitihani, hakuna kinachoingizwa kwenye app yoyote. Sheria hiyo iandike ubaoni siku ya kwanza na uifuate wewe pia, maana walimu ndo wanaongoza kwa kubandika orodha ya alama za darasa kwenye chatboti ili iwatengenezee jedwali.

Hatua ya tano: kupima kama wameelewa

Usiulize "taja matumizi matano ya AI". Wape app ambayo hamjaigusa, kwa mfano ile inayotambua ndege kwa sauti yao, au kichujio cha barua taka, na maswali mawili: itakosea wapi, na kwa nini unadhani hivyo? Alama ziende kwenye "kwa nini". Mwanafunzi akiandika "itakosea kwa sababu mashine sio binadamu", hajaelewa, hata kama anaonekana mwerevu. Akiandika "itakosea kwa ndege wa kwetu kama waliorekodi sauti walirekodi ndege wa mbali tu", huyo mpe zote.

Karatasi za ubashiri zikusanye. Wala usisahihishe ubashiri wenyewe, ukianza kutoa alama kwa aliyebashiri sawa, kipindi kijacho watasubiri aandike yule anayejua kisha wamnakili. Soma safu ya tatu tu, ile ya "nadhani ni kwa sababu", chagua sababu mbili zinazogongana, na kipindi kijacho fungua nazo bila kutaja nani aliandika, darasa lipange jaribio la kuamua ipi ni kweli.